Mkazo wa neno refu la Kiingereza uko mkiani

Msemaji wa Kiswahili hahangaiki kutafuta mkazo. Huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo husogea nalo: PI-ka, pi-KI-a, pi-ki-A-na. Akikutana na Kiingereza huona vurugu tupu, na vitabu vingi humwambia akariri neno mojamoja. Ushauri huo ni mbovu. Maneno marefu ya Kiingereza nayo huhesabiwa kutoka nyuma, ila anayeamua ni kiambishi cha mwisho. Chukua PHO-to-graph, kisha pho-TOG-ra-phy, kisha pho-to-GRAPH-ic. Shina ni lilelile. Kilichobadilika ni mkia. Kiambishi -ic hudai mkazo kwenye silabi inayokitangulia, na -tion vilevile, ndiyo maana in-for-MA-tion humtoka Mswahili bila shida. Kiambishi -ity huurudisha hadi silabi ya tatu kutoka mwisho: e-lec-TRIC-i-ty. Tazama pia irabu, maana hapo ndipo tunapokosea zaidi. Katika photograph, o ya kwanza husikika wazi na ya pili hufifia. Katika photography, ya kwanza hufifia na ya pili huamka, tena huivuta g upande wake, ndipo kamusi za Marekani zikakata pho-tog-ra-phy. Sisi tuliozoea kuipa kila irabu haki yake hutamka zote mbili kwa nguvu sawa, na msikilizaji hupotea.

Kuna atakayepinga: mbona Arabic na Catholic hukazwa mwanzoni licha ya -ic? Ni kweli, lakini na sisi tuna barabara ya magari, na barabara yenye maana ya sawasawa ambayo mkazo wake umerudi nyuma silabi moja. Hakuna aliyeitupa kanuni yetu kwa sababu hiyo. Pingamizi zito zaidi ni -ness, -ful na -ly, ambavyo havihamishi chochote. Hivyo ni vya Kiingereza chenyewe. Vinavyohamisha, kama -ic, -ity na -tion, vina asili ya Kilatini, na vingi viliingia kupitia Kifaransa baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066. Hata wenye lugha hawakubaliani kila mahali: laboratory hukazwa silabi ya pili Uingereza, ya kwanza Marekani. Kwa hiyo, mwalimu, anza na -ic, -ity na -tion. Orodha ya kukariri ibaki ya maneno yanayokaidi tu.