Silence ya Endo na Maneno ya Kuazima: Kiingereza Kinavyotusomea Imani za Wajapani

Katika semina moja tuliyoifanya juu ya riwaya ya Shusaku Endo iitwayo Silence, mwenzetu mmoja alisoma karatasi yake. Ilianza kwa kudai kwamba Wajapani hawana dini, ila wanaabudu mababu na miungu mingi. Mwalimu akaafiki, sisi tukaandika daftarini. Hakuna aliyeuliza inakuwaje mtu asiye na dini awe na miungu mingi kiasi hicho. Mimi pia sikuuliza, nisijifanye shujaa hapa. Swali lilinijia baadaye, niliporudia kitabu peke yangu bwenini na kukuta kwamba ile sentensi ya mwenzetu haikutoka kwa Endo. Ilitoka kwenye Kiingereza.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumefundishwa kuchambua fani na maudhui. Tutakaa siku nzima tukibishana juu ya matumizi ya lugha ya mwandishi, tamathali zake, taswira zake. Lakini riwaya ikiwa imetafsiriwa, ghafla lugha tunaiacha. Tunamsoma mfasiri kana kwamba hayupo. Hoja ninayotaka kuijenga ni hii: kwa upande wa imani za Wajapani, na za Wachina vilevile, maneno ya Kiingereza tunayoyapokea yamekwisha kutoa hukumu kabla mhakiki hajafungua ukurasa wa kwanza. Hukumu yenyewe ilipikwa katika makanisa ya Ulaya.

Tuanze na hilo neno 'religion'. Mwaka 1858 Marekani iliwekeana mkataba na Japani, na kifungu cha nane kiliwaruhusu Wamarekani wafuate dini yao kwa uhuru na wajenge mahali pa kusalia. Wafasiri wa Kijapani walipofika hapo walikwama. Walikuwa na maneno ya mafundisho, ya njia, ya madhehebu, ya taratibu za ibada, lakini neno moja la kuyafunika yote hayo, Ukristo na Ubudha na kwenda kupiga makofi mbele ya mti mkongwe, hawakuwa nalo. Maneno kadhaa yalijaribiwa. Ni miaka ya 1870 ndipo shukyo liliposhika, neno lililokuwa limejificha katika vitabu vya Kibudha likiwa na maana finyu ya mafundisho ya madhehebu.

Basi leo mtafiti anakwenda Japani na hojaji yake. Anamuuliza mtu: una shukyo? Wengi hujibu hawana. Lakini Januari ikifika, mtu huyohuyo utamkuta kwenye foleni ya kwenda kuomba baraka za mwaka mpya, na nyumbani kwao wali wa moto unawekwa mbele ya picha ya marehemu bibi. Upande wa pili, takwimu za serikali, ambazo hujumlisha hesabu zinazotolewa na mahekalu na makanisa yenyewe, hupata wafuasi wengi kuliko watu wote walio hai nchini! Mwenye Kiingereza anaona kioja. Lakini hebu tujitazame. Muulize mtu wa kwetu dini yake, atakujibu Muislamu au Mkristo, basi. Halafu ukoo ukiitwa kijijini kwenye tambiko, anakwenda, tena anachangia mbuzi. Hakukudanganya. Neno dini, lililotufikia kwa Kiarabu, halikuulizia tambiko. Msomaji wa Kiswahili angeweza kumwelewa Mjapani huyu haraka sana, kama tu asingepitia kwanza kwa Mwingereza.

Na mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya kamusi tu. Mwaka 1900 serikali ya Japani ilitenganisha ofisi: mahekalu ya Shinto yakapewa idara yao, na dini zikapewa idara yake. Maana yake? Shinto si dini, ni wajibu wa raia. Na kama si dini, basi hakuna anayeweza kukataa kuinama kwa kisingizio cha dini yake. Mwaka 1932 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sophia, chuo cha Wajesuiti jijini Tokyo, walipelekwa kwenye hekalu la Yasukuni na ofisa wa jeshi aliyekuwa akiwafundisha mazoezi ya kijeshi. Baadhi ya Wakatoliki hawakuinama. Yakazuka makubwa, jeshi likamwondoa ofisa wake chuoni. Mwaka 1936 Vatikani yenyewe ikatoa ruhusa: Mkatoliki anaweza kuinama, kwa kuwa tendo hilo ni la uzalendo. Tazama basi, wanafunzi kama sisi, na mgongo wa mtu uiname au usiiname inategemea neno moja lilivyofasiriwa.

Sasa tuje kwenye 'god', kwa sababu hapa ndipo riwaya ya Endo inapochimba. Francis Xavier alifika Japani mwaka 1549. Akisaidiwa na Mjapani aliyeitwa Anjiro, alimtangaza Mungu wake kwa jina la Dainichi. Watawa wa Kibudha wakampokea vizuri, na kwa nini wasimpokee? Dainichi ni Buddha wao mkuu, wa nuru. Alipogundua alichokuwa akikihubiri, Xavier aliacha jina hilo akashika la Kilatini, Deus, ambalo kwa ulimi wa Kijapani likawa Deusu. Wapinzani wakalicheka kwa kulifananisha na dai uso, yaani uongo mkubwa. Msomaji wa Okot p'Bitek atatabasamu hapa. Katika kitabu chake cha mwaka 1970 cha kuwahakiki wasomi wa Magharibi walioandika juu ya dini za Kiafrika, Okot anasimulia jinsi mapadri walivyowabana wazee wa Kiacholi waseme nani aliyewafinyanga watu. Wazee, kwa kuchoka, wakamtaja Rubanga, ambaye kwao ni yule anayefinyanga watu mgongo ukawa na kibyongo. Mapadri wakafurahi, jina limepatikana.

Katika Silence, Ferreira, padri aliyeiacha imani na ambaye kweli aliishi, anamweleza Rodrigues kwamba huyo waliyemwabudu wakulima hakuwa Mungu wa kanisa hata siku moja, Wajapani walikwisha mgeuza awe wao. Ni hoja nzito, na wahakiki wengi huichukua kama msimamo wa Endo. Mimi nasema tuwe waangalifu. Anayesema ni mtu aliyevunjwa kwa mateso, akimshawishi mwenzake avunjike kama yeye. Isitoshe, wakulima wenyewe walikufa kwa ajili ya huyo anayedaiwa kuwa si yeye.

Neno la Kijapani lenyewe ni kami. Basil Hall Chamberlain, aliyeitafsiri Kojiki kwa Kiingereza mwaka 1882, alikiri kwamba hakuna neno lililomsumbua kama hili. Motoori Norinaga, mwanazuoni wa karne ya 18, alilieleza kwa upana wa ajabu: chochote kilicho nje ya kawaida na chenye kutia kicho, awe mtu, ndege, mnyama, mti, bahari au mlima, kiwe chema au kibaya. Kijapani hakina herufi kubwa, wala hakilazimiki kuonyesha umoja na wingi. Kiingereza kinalazimika. Ama 'God' ama 'gods', na ukichagua la pili umekwisha kumweka mtu upande wa makafiri.

Uchaguzi huo ulimfika hata mfalme. Tarehe 1 Januari 1946 Hirohito alitoa tamko la kukana kwamba yeye ni akitsumikami, kami aliyedhihiri kwa umbo la mtu. Kumbe rasimu ya kwanza ya tamko hilo iliandikwa kwa Kiingereza, na mmoja wa walioshiriki ni R. H. Blyth, yuleyule mtaalamu wa haiku. Magharibi walisoma kwamba mtu aliyejiita Mungu amekiri kuwa si Mungu. Lakini kwa maana ya Norinaga, mtu kuwa kami si jambo la kumpora Muumba kiti chake, maana kiti hicho hakikuwepo.

Wengine watasema: basi tutumie 'spirits', yaishe. Ndivyo ilivyofanywa kwenye filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2001 inayojulikana kwa Kiingereza kama Spirited Away. Kwa Kijapani, wageni wanaokuja kuoga katika nyumba ile ni kami, tena kwa ule msemo wa kale wa kami milioni nane. Kiingereza kikawafanya mapepo ya hadithi za watoto. Uchafu wa yule kami wa mto, baiskeli na makorokoro yanayovutwa tumboni mwake, unapungua uzito. Pepo akichafuka ni kichekesho, lakini kami akichafuliwa na watu, hilo ni kosa la kujibiwa.

Na sisi je, tungesemaje? Hapa nakiri Kiswahili hakitutoi jasho bure. Upatanisho wa kisarufi unatubana kuliko hata Kiingereza: kami amefika, wamefika, au imefika? Lazima uamue kama ni mtu au kitu. Ninalolipenda ni kwamba tunalo neno mzimu, ambalo watu hulisemea mzimu umekasirika na pia mzimu amekasirika, na hakuna anayeshtuka. Huo wasiwasi wa kisarufi uko karibu na kami kuliko neno lolote la Kiingereza. Ila mzimu nao umepakwa masizi na mahubiri ya miaka mingi, na humwelekeza msomaji kwa wafu. Sisemi ndilo.

Kuhusu kuabudu mababu, nisiseme sana. Wachina walishagharimika kwa neno hilo. Wajesuiti wa mwanzo waliona kumwinamia marehemu baba ni heshima, wengine wakasema ni ibada. Papa Clement wa 11 akapiga marufuku mwaka 1704 na tena 1715, na kanisa halikulegeza mpaka 1939. Miaka zaidi ya mia mbili! Kiswahili tunatofautisha kuabudu, kutambika, kuzuru kaburi, na kurehemu. Mbona basi mwenzetu pale semina alichagua kuabudu? Kwa sababu alikuwa anatafsiri 'worship' iliyomo kichwani.

Nirudi kwa Endo. Riwaya yake ilitoka mwaka 1966 kwa jina la Chinmoku, na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1969. Mfasiri, William Johnston, alikuwa Mjesuiti kama alivyo Rodrigues mwenyewe. Ni tafsiri iliyomfungulia Endo milango ya dunia, sitaki kumvunjia mtu heshima. Lakini angalia jambo hili. Katika Kijapani kuna namna mbili za kuitaja dhambi ile kuu ya kitabu. Kuna kikyo, yaani kuyaacha mafundisho, neno rasmi. Na kuna korobu, ambalo ni neno la kila siku: kuanguka, kubiringika, kama mtoto anayejikwaa. Historia yenyewe iliwaita walioiacha imani Wakristo walioanguka. Kiingereza mara nyingi kimeyamwaga yote mawili katika chungu kimoja, 'apostatize', neno la mahakama ya kanisa.

Athari yake kwa mhusika Kichijiro ni kubwa. Huyu ni mlevi, mwoga, anayeikanyaga sanamu, anarudi kulia, anaungama, halafu anaikanyaga tena. Kwa 'apostatize' yeye ni mkosaji sugu, na semina yetu ilimwita msaliti bila huruma. Kwa korobu yeye ni mtu anayeanguka, na anayeanguka huweza kuinuka. Wajapani wana methali ya kuanguka mara saba na kuinuka mara nane, kwa kitenzi hichohicho. Atakayeileta riwaya hii kwa Kiswahili asikimbilie kuritadi wala ukengeufu kila mahali. Ayaweke hayo kwenye vinywa vya mapadri. Kichijiro mwache aanguke tu, kwa lugha inayojua kwamba kujikwaa si kuanguka, na kuanguka si mwisho.

Kisha ile sehemu ya kilele, usiku wa Nagasaki, Rodrigues akiwa mbele ya sanamu ya shaba ya Kristo aliyotakiwa kuikanyaga. Sauti inamjia. Kiingereza kimeifanya amri, tena iliyorudiwa mara mbili, kama kamanda anayempigia askari kelele. Kijapani ni ruhusa: unaweza kukanyaga, sawa tu. Mwenzangu mmoja niliyemwonyesha tofauti hii alisema haina uzito, mradi mguu umeshuka. Nikamwambia ajaribu kwa lugha yake mwenyewe: Kristo anayesema "Kanyaga!", na Kristo anayesema "Haya, kanyaga tu." Alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba kitabu.