Hongera, fundi umeme wa mitambo

Ndanda inajulikana kwa ufundi tangu Wabenediktini walipoanzisha misheni hapa mwaka 1906 na kujenga karakana zao. Pongezi zangu leo ni kwa fundi umeme wa mitambo, yule anayepigiwa simu ekskaveta iliyotumika inapogoma kuwaka huko njia ya Masasi au Newala.

Asiyejua hukimbilia kununua sensa mpya. Fundi wa kweli huanza na mita. Anachomoa plagi ya sensa ya presha ya dizeli, anafungua swichi bila kupiga stata, anapima: panatakiwa volti 5. Akikuta volti 1, hailaumu sensa hiyo papo hapo. Sensa kadhaa hutegemea laini moja ya volti hizo 5. Moja ikipiga shoti, zote husoma uongo na skrini hujaa misimbo ya hitilafu. Anachomoa moja moja, macho kwenye mita. Volti zikirudi, mbovu imepatikana. Zisiporudi, anaufuata waya hadi pale ulipochunika kwa kusuguana na chuma. Kazi hiyo inataka subira kubwa, tena juani.

Wenye mitambo, mlipeni fundi kwa kupima kwake, si kwa kipuri alichofunga tu.