Kusoma tena «L'Enfant noir»: ni nani alimufundisha yule mutoto?

Wengi wetu tulisoma «L'Enfant noir» ya Camara Laye kwenye sekondari. Mwalimu alituomba resime na majina ya watu wa kitabu, basi, tukapita. Kitabu kilitoka mwaka wa 1953, na mwenye kukiandika alikuwa mwana wa Kouroussa, katika Guinée. Tumekirudilia sababu katika mazungumuzo yetu juu ya desturi, kila mara mutu anasimama na kusema: masomo ya wazungu ndiyo yaliharibu watoto, zamani mutoto alifundishwa nyumbani, soma Camara Laye utaona. Tumesoma. Hatukuona vile.

Tuanze na fasi ile kila mutu anakumbuka, ile ya zahabu. Mwanamuke anakuja na zahabu yake aliyoipata katika muto, anataka pambo. Analeta na muimbaji mwenye kinanda, ili amusifu fundi mpaka fundi asiweze kukataa. Baba anaweka zahabu motoni, wanafunzi wake wanavukuta, hakuna anayesema neno. Midomo ya baba peke yake inatikisika, na maneno yake hayasikiki. Mutoto anakaa pale, anaangalia. Hakuna anayemuelezea kitu. Na sisi tunajua kama ni vile inaendaga: ule kijana wa Goma anayechonga chukudu hakuelezwa kwa ubao namna gani ya kupima gurudumu. Alikaa karibu na mukubwa wake, alishika mbao, aliambiwa «apana, siyo vile», akaanza tena.

Lakini tuangalie vizuri. Wanaovukuta ni wanafunzi wa baba. Mutoto wa fundi, yeye, anaangalia tu. Nyundo haimufikie mukononi. Hata ule nyoka mudogo mweusi, roho ya ukoo, baba anamusimulia habari yake kisha anamuambia ao karibu kumuambia: ninaogopa hautakaa na mimi vya kutosha, unaenda masomo, na kiisha hayo utaenda masomo makubwa zaidi. Na katika kijiji cha Tindican, wakati wa kuvuna mupunga, mutoto anataka kusaidia, mujomba wake anamujibu kama ile si kazi yake, na pengine haitakuwa kazi yake hata siku moja.

Kwa hiyo kitabu tunachokitaja kama ushuhuda wa kufundishwa nyumbani ni habari ya mutoto ambaye nyumbani hawakumaliza kumufundisha. Na si muzungu aliyemunyanganya nyundo. Ni baba, ni mujomba, watu wenye kumupenda. Walikwisha kuchagua mbele yake. Ndiyo maana kitabu kina huzuni, na huzuni ile inapotea kabisa tukikisoma kwa kusifu zamani tu. (Mongo Beti wa Cameroun, katika miaka ya 1950, alikigombeza sana kitabu hiki, akisema hakionyeshi ubaya wa ukoloni. Ana haki kwa upande ule. Lakini naye hakusimama kwa nyundo.)

Kuna mafundisho mamoja tu ambayo mutoto anayapata mpaka mwisho: yale ya woga. Usiku wa Kondén Diara, vijana wanapelekwa porini, wanainama na kufunga macho, na simba wananguruma karibu yao. Nyuma sana ndipo anajua kama hawakuwa simba. Vilikuwa vibao vilivyofungwa kamba, wakubwa wanavizungusha hewani. Wasomaji waliopita katika bwali kwa Warega, ao katika mukanda kule Lualaba, hawana lazima tuwaelezee. Mutoto anafundishwa kwanza kuvumilia, kisha kufahamu, na katikati ya hayo mawili miaka inapita. Hakuna kalasi inayofundisha vile, na sisi hatuombi kalasi ifanye vile. Tunaomba tu watu wasichanganye: kuna yale yanayoingia kwa macho, yale ya mukono, yale ya sikio, na haya ya tumbo. Kuyaita yote «elimu ya wazee» na kuyatia katika mufuko mumoja ni uvivu.

Na masomo yenyewe? Camara Laye hakuyapamba. Wanafunzi wakubwa wanapiga wadogo, wanawanyanganya chakula, watoto wanafagia kiwanja badala ya kusoma, mpaka baba anaenda kugombana na direkta. Wazazi wa kwetu, ambao tangu miaka ya 1990 walilipa prime ya walimu kutoka mufukoni mwao, mpaka masomo ya musingi ya serikali yalipotangazwa bure mwaka wa 2019, wanaijua hasira ile.

Lawama yetu kwa kitabu iko fasi ingine. Mama yake ni mwenye nguvu kweli, anachota maji mutoni na mamba hawamugusi. Lakini binti zake wanafundishwa nini, na nani, saa gani? Karibu hatuoni kitu. Muandishi alikaa mulangoni mwa karakana, hakuangalia jikoni. Sisi pia, tukikusanya desturi, tunaenda kuuliza wazee wanaume chini ya muti, na wamama wanapita na mizigo yao nyuma yetu.

Kwa hiyo muzee yule akisimama tena katika mukutano, tutamuuliza swali moja: mutoto wako ulimupa nyundo? Sababu Camara Laye alipopanda ndege kwenda Ufaransa hakubeba nyundo. Katika ukurasa wa mwisho anagusa mufuko wake, anakuta karata ya metro ya Paris, ile direkta wake alimupa.