Pacha Aliyebaki Nyumbani

Nilipoisoma The Body Keeps the Score ya Bessel van der Kolk kwa mara ya pili, nilishika penseli na kupigia mstari tamathali zote za ubongo. Ni nyingi! Amigdala, kile kisehemu kinachoshtuka kabla hujajua umeshtushwa na nini, ni kengele ya moshi. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso ni mnara wa mlinzi. Thalamasi ni mpishi anayekoroga pamoja tunayoyaona, tunayoyasikia na tunayoyagusa. Van der Kolk ni daktari wa magonjwa ya akili, lakini anajua kwamba msomaji huelewa zaidi akipewa picha. Basi na mimi nataka kukijadili kitabu hiki cha 2014 kama tunavyojadili riwaya, yaani kwa hadithi kinayotusimulia.

Na hadithi zake ni nzuri kweli. Mwanzoni kabisa tuko Boston, mwaka 1978, na askari aliyepigana Vietnam. Usiku anaota jinamizi, na daktari anampa dawa ya kulizuia. Mgonjwa hamezi. Kwake yeye, ndoto zikikoma atakuwa amewatupa wenzake waliokufa kule. Kurasa chache tu, na tayari umeelewa kwamba kiwewe si kumbukumbu mbaya tu. Kinaweza pia kuwa uaminifu.

Baadaye tunaingizwa kwenye mashine. Watu wanane wenye ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe, ule unaoitwa kwa kifupi PTSD, wanalala humo na kusomewa masimulizi ya yaliyowapata. Amigdala inawaka. Upande wa kushoto, eneo la Broca, tunalolihitaji ili kutoa maneno, linafifia. Kwa sisi wapenda fasihi hapa pana jambo zito: huenda ushuhuda wa manusura hutoka vipande vipande kwa sababu wakati ule maneno yenyewe yamekatika. Kiswahili kina neno kuweweseka, kwa mtu anayesema usingizini maneno asiyoyatawala. Picha za mashine zinaonyesha upande wa pili: mtu yuko macho, ana la kusema, na maneno hayaji.

Naelewa pia kwa nini picha hizi zinapendwa. Mwaka 1925, katika Mrs Dalloway, Virginia Woolf alimwandika Septimus, askari aliyerudi kutoka vitani na kuendelea kumwona rafiki yake aliyekufa, huku daktari akisisitiza kwamba hana ugonjwa wowote. PTSD iliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu. Mtu aliyeambiwa miaka na miaka kuwa anajidekeza, halafu akaonyeshwa picha na kuambiwa "tazama, hiki hapa," amepewa shahidi.

Lakini shahidi huyu anasema nini hasa? Hapo ndipo ninapogombana na kitabu, kuanzia jalada. Jina lake linadai kwamba mwili huweka hesabu, na msomaji anaondoka akiamini kuwa tukio limeandika ubongoni, na mashine inasoma tu maandishi. Ni simulizi ya kabla na baada. Tatizo ni kwamba picha nyingi za aina hii hupigwa baada tu.

Chukua hipokampasi, sehemu inayotusaidia kuweka kumbukumbu na kuzipa mahali na wakati. Mwaka 1995, J. Douglas Bremner na wenzake walipima askari 26 wa Vietnam wenye PTSD na kukuta hipokampasi yao ya kulia ni ndogo kwa asilimia 8 kuliko ya watu waliolinganishwa nao. Ilikuwa rahisi kuhitimisha kuwa vita viliila. Kisha, mwaka 2002, Mark Gilbertson na wenzake wakafanya jambo ambalo mwandishi wa riwaya angelionea wivu: walitafuta mapacha wa kufanana, mmoja alikwenda vitani, mwingine hakwenda. Waliokuwa na PTSD kali walikuwa na hipokampasi ndogo. Na pacha zao waliobaki nyumbani? Ndogo vilevile.

Kwa hiyo, angalau kwa watu hao, udogo ule haukuletwa na vita. Ulitangulia, iwe kwa kurithi au kwa utoto walioushiriki. Mshale uliochorwa kutoka kwenye tukio kwenda kwenye ubongo ukageuka, au angalau ukapata mwenzake wa upande wa pili.

Najua kuna atakayerukia jibu baya: "Ah, kumbe walizaliwa dhaifu." Hapana. Mtazame tena pacha yule wa nyumbani. Ana hipokampasi ndogo kama ya ndugu yake, na hana PTSD. Udogo peke yake haukumtosha kuugua. Ndugu yake ilibidi apelekwe Vietnam kwanza. Kwangu mimi huyo pacha ndiye mhusika anayekosekana katika simulizi ya jalada, maana anakanusha mambo mawili kwa mpigo: kwamba kiwewe ni lazima kiwe kimeula ubongo ndipo kiwe cha kweli, na kwamba aliyeumia alikuwa na kasoro tangu mwanzo.

Si mjadala wa maabara tu huu. Nimewasikia watu wakijisemea "ubongo wangu umeshaharibika" kana kwamba wamesomewa hukumu. Mwaka 2018 ulitoka uchunguzi wa watu 1,868, na bado hipokampasi ilionekana ndogo kwa wenye PTSD, ila kwa tofauti ndogo, ya wastani wa kundi. Huwezi kuitazama picha ya mtu mmoja ukasema huyu alipigwa, huyu alibakwa, huyu alipona.

Kisomeni, nakisifu bila kusita kwa yule askari anayekataa dawa. Kumwamini hakukuhitaji mashine: alisema mwenyewe kwa nini hamezi, na daktari akamsikiliza. Kitabu kina nguvu zaidi pale daktari anaposikiliza kuliko pale anapoonyesha picha.