Kipuli cha Oganda: Juu ya Mgeuko wa Visa na Mviringo wa Wakati

Wapenzi wa michezo ya mfululizo ya televisheni, hasa ile yenye mazimwi, wachawi na falme zisizopata kuwako, wana tabia ambayo wahakiki wa fasihi wamezoea kuidharau. Hawaulizi dhamira ya mtunzi wala msimamo wake. Huuliza sababu. Wakikutana baada ya kutazama sehemu mpya, kitakachobishaniwa ni iwapo tukio la mwisho limetokana na lile la kwanza, ama lile la kwanza limetokana na la mwisho. Na ashindwaye kueleza huambiwa kwamba hakutazama bali alisinzia. Makala haya yanashikilia kwamba swali lao ni swali la uhakiki, tena la zamani, na kwamba lau lingalipewa nafasi yake mapema, hadithi moja mashuhuri ya mwandishi wa Asembo isingalisomwa kwa wepesi kama ilivyosomwa.

Mfano ulio wazi umo katika Game of Thrones, mchezo wa Marekani ulioonyeshwa tangu 2011 hadi 2019 kwa misimu 8 na sehemu 73. Yumo humo mtumishi mmoja mwenye umbo kubwa, Hodor, asiyeweza kutamka neno lolote ila hilo jina lake. Kwa miaka mitano mtazamaji alilichukua jambo hilo kuwa kilema tu. Mwezi wa Mei 2016 mambo yakageuka. Kijana Bran, akiwa katika njozi ya siku za kale, anaiingilia akili ya Hodor; amri ya kuushikilia mlango anayopewa mtu mzima inamfikia mtoto aliyekuwa miaka mingi nyuma, inamvuruga, na maneno ya amri yanakatikakatika kinywani mwake mpaka yanakuwa jina. Hodor anakufa mlangoni. Kwa hiyo alikuwa vile tangu utotoni kwa sababu ya kifo ambacho hakijamfika, na kifo kilimkuta pale kwa sababu alikuwa vile. Wako wasemao kwamba Bran ana hatia. Wako pia wasemao kwamba ndani ya mviringo hapana hatia, kwa kuwa hapana mwanzo. Mabishano haya si ya kitoto. Na hadhira yenyewe si ya kuchezewa: msimu wa mwisho ulipoonyeshwa mwaka 2019, watu zaidi ya milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka utengenezwe upya.

Hoja ya kwamba mabishano ya namna hii yameletwa na televisheni haina uzito katika nchi za Ziwa. Katika jamii ya Waluo wasichana walikuwa wakilala katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee aitwaye pim, na humo ndimo walimosikia sigana na kutegeana vitendawili. Hadithi za mwambao ule zimejaa migeuko inayodai kuulizwa. Nyamgondho wa Gwassi anavua kikongwe ziwani badala ya samaki, anatajirika kwa ng'ombe, anamtusi, na mama yule anarudi majini na mifugo yote ikimfuata: kilichotoka majini kinarudi majini, na mvuvi anabaki alikoanzia, au pabaya zaidi. Simbi, kijiji kinachozama kwa kumkataa mgeni, kipo mpaka leo kwa sura ya ziwa dogo karibu na Kendu Bay. Msikilizaji aliyelelewa kwa hadithi hizi akikutana na kisa kinachojizungusha hana haja ya kufunzwa namna ya kukishangaa. (Hata wale wasimulizi wa sinema za kigeni, DJ Afro wa Kenya na marehemu Lufufu wa Tanzania, ufundi wao haukuwa kufasiri maneno tu; waliwatilia watazamaji sababu pale picha ilipozinyima.)

Grace Ogot alizaliwa Asembo mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015. Kabla ya kujulikana kwa vitabu alikuwa muuguzi, kisha mtangazaji wa BBC jijini London, na baadaye mbunge. Hadithi yake inayohusika hapa ilitoka kwanza katika jarida la Black Orpheus mwaka 1963, kwa jina la “A Year of Sacrifice”. Ilipochapishwa tena mwaka 1964 katika mkusanyo wa Komey na Mphahlele, baada ya kuandikwa upya, iliitwa “The Rain Came”, na kwa jina hilo ikaingia katika Land Without Thunder mwaka 1968. Kisa chake ni chepesi kukieleza. Ukame umeikumba nchi. Mganga Ndithi ameoteshwa kwamba Oganda, binti pekee wa mtemi Labong'o, atolewe kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Msichana, akiona wakubwa wananong'ona, anadhani wanamchagulia mume. Hatimaye anashika njia peke yake kwenda ziwani. Ukingoni Osinda, ampendaye, anamkamata, anamvika vazi la majani na kujivika la pili ili wahenga wasiwaone, na wanakimbia. Mbingu zinafunga, na mvua inashuka.

Somo la kawaida la darasani huishia kwenye mgongano wa mila na mapenzi: mapenzi yameshinda, mila imeaibika, kengele imelia. Usomaji huo unairuka mvua yenyewe. Iwapo mila imeaibika, mvua imetoka wapi siku ile ile iliyoahidiwa? Na iwapo mila ni kweli, mbona aliyetakiwa kufa yu hai?

Mashabiki wa televisheni wasingaliruka hapo hata kidogo. Wangaligawanyika mara moja. Wa kwanza wangesema mvua ilikuwa ikija tu, na kafara ilikuwa upuuzi. Wa pili wangesema majani yale yalifanya kazi yake, wahenga na zimwi wakadanganyika. Wa tatu, ambao hoja yao ni nzito zaidi, wangeirudia njozi ya Ndithi, ambamo ahadi ya mvua imefungamana na msichana kujitoa mwenyewe na siku ya kujitoa huko. Oganda amejitoa. Hata baada ya kuokolewa anamsihi Osinda amwache afe ili watu wapate mvua. Kwa usomaji huu hakuna aliyedanganywa. Sharti limetimia, ingawa si kwa namna waliyoielewa waliobaki nyumbani. Na hapa mviringo unajifunga: pasipo njozi, Oganda asingalikwenda ziwani, wala Osinda asingalikwenda kumwokoa, utabiri umeumba wenyewe njia ya kutimia na njia ya kukwepwa, zote mbili kwa siku moja.

Ni hoja hii ya tatu inayostahili kupewa kipaumbele, na badiliko la jina la hadithi linaitia nguvu. Jina la 1963 linataja kafara, yaani kile kinachodhaniwa kuwa sababu. Jina la 1964 linataja mvua, na sababu imeondolewa. Mwandishi aliyeikarabati hadithi yake mwenyewe na kuiondoa sababu kwenye jina hakuwa amesahau kitu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa anayetaka kuifasiri hadithi kwa Kiswahili. Mwishoni mwa hadithi Ogot ameyapanga matukio kwa viunganishi vya mfuatano tu. Hakuna kinachosema hili kwa ajili ya lile. Kiswahili kina nyenzo kamili ya kulibeba jambo hilo, nayo ni kiambishi -ka-. Asemapo mtu, “Juma akaingia, taa ikazimika,” hajasema kwamba Juma ameizima taa, wala hajakana. Msikilizaji ndiye anayemshtaki Juma au kumwachilia. Mfasiri atakayetia “kwa hiyo” au “hata hivyo” mbele ya mvua ya Ogot atakuwa amekata kesi ambayo mwandishi ameiacha wazi, na kosa hilo ni kubwa kuliko kukosea jina la mti. Kwa upande mwingine, ubishi wote wa hadhira umo katika -ngali-: Osinda asingalifika, mvua ingalinyesha? Masimulizi yako katika -ka-, ubishi uko katika -ngali-, na uhakiki wa fasihi ungefaidika ukiutazama mpaka huo kwa makini zaidi kuliko ulivyouachia wanasarufi.

Limebaki jambo dogo, ambalo huenda ndilo kubwa. Oganda akiwa njiani, mtoto wa kike anajitokeza katika umati na kumkabidhi kipuli. Dada yake amekufa wiki iliyopita na amekisahau. Oganda, kwa kuwa anakwenda kwa wafu, amfikishie. Oganda hajui acheke au alie. Amepata kusikia watu wakiwatumia wafu salamu, lakini zawadi ni jambo jipya kwake. Anakipokea, na kwa kuwa yeye mwenyewe hana haja navyo tena, anampa mtoto maji yake na chakula chake. Mhakiki wa dhamira hupita hapa akisema kwamba ni picha ya imani za jadi. Shabiki angesimama, kwa kuwa amefunzwa na mamia ya sehemu kwamba kitu kilichowekwa mkononi mwa mhusika lazima kionekane tena. Maji yanaonekana tena: Oganda anapozinduka ziwani, Osinda ndiye anayemtilia maji kinywani. Kipuli hakionekani. Kila dai limelipwa mwishoni, la nchi kwa mvua, la Osinda kwa mchumba. La mtoto halikulipwa, kwa sababu mjumbe wake hakufika. Wanaofurahia kuokoka kwa Oganda hawana budi kumjibu mtoto huyo. Alitoa amana kwa mtu aliyehakikishiwa na kijiji kizima kwamba atakufa, na mvua ilipoanza kunyesha kijijini bila shaka aliamini kwamba dada yake amekwisha kukivaa.