Mathayo 18 na Kosa la Mchungaji: Kumsoma Yoder Upya

John Howard Yoder (1927–1997), mwanatheolojia wa Kimennonite kutoka Marekani, angali anasomwa katika vyuo vingi vya theolojia. Kitabu chake The Politics of Jesus, kilichotolewa mwaka 1972, kiliwafundisha wengi kuutazama msalaba kuwa njia ya maisha ya Kanisa zima. Aliandika pia kwa uzito juu ya kufunga na kufungua: ndugu huonyana uso kwa uso, na katika kuonyana huko Kanisa huwa Kanisa. Fundisho hili la pili ndilo tunalotaka kulichunguza hapa, maana mwalimu wake aliligeuza kuwa ngao yake.

Kuanzia miaka ya 1970 Yoder aliwasumbua wanawake kwa barua, kwa maneno na kwa kuwagusa miili yao, baadhi yao wakiwa wanafunzi wake, akidai kwamba anatafuta maadili mapya ya undugu wa Kikristo. Mwanahistoria Rachel Waltner Goossen alipochapisha utafiti wake mwaka 2015, ilionekana kwamba wanawake hao huenda walizidi mia. Mkuu wa seminari yake huko Elkhart alijadiliana naye kwa miaka mingi, kwa siri, kana kwamba jambo lenyewe ni hoja ya kitaaluma. Mwaka 1984 Yoder aliondoka kimya kimya, akaendelea kufundisha katika Chuo Kikuu cha Notre Dame. Na aliposhtakiwa, alisisitiza kwamba Mathayo 18:15 yamtaka mlalamikaji amwendee kwanza yeye, wawili peke yao.

Je, ndivyo Bwana alivyoagiza? Sura hiyo haianzii mstari wa 15. Inaanza kwa mtoto aliyesimamishwa katikati ya wanafunzi, ikaonya vikali juu ya kuwakosesha wadogo, ikaendelea na kondoo mmoja aliyepotea. Utaratibu wa kuonyana umewekwa ndani ya ulinzi huo wa wadogo. Ukiutoa humo ukamkabidhi mkubwa, umeugeuza kinyume. Tena unazungumza juu ya ndugu na ndugu. Msichana wa kipaimara na mchungaji wake, au mwanafunzi na mwalimu atakayemsahihishia mtihani, ni ndugu katika Kristo, lakini chumbani hawako sawa. Nabii Nathani alipomwendea Daudi hakumchukua Bathsheba aende naye akaseme mbele ya mfalme.

Luther aliliona jambo hili. Katika Katekisimo Kubwa, akiieleza amri ya nane, anautumia mstari huo kwa dhambi iliyositirika, akasema kwamba dhambi iliyo wazi yastahili kukemewa wazi. Paulo naye, katika 1 Timotheo 5:19–20, anamkinga mzee na mashtaka yasiyo na mashahidi wawili au watatu, kisha papo hapo anaagiza wadumuo katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Wengi wetu tumeukariri mstari wa 19 na kuusahau wa 20.

Sisi Walutheri tunayo ngao yetu wenyewe, nayo ni Ungamo la Augsburg, kifungu cha 8: sakramenti haibatiliki kwa uovu wa anayeitoa. Fundisho hili ni la kweli, na Wadonato walikosea. Lakini lawafariji akina nani? Lampa uhakika mama aliyebatiziwa mwanawe na mchungaji ambaye baadaye aligunduliwa kuwa mzinzi. Halisemi kwamba mchungaji huyo abaki madhabahuni. Kifungu cha 28 kinaihesabu kazi ya kuwatenga waovu kuwa miongoni mwa kazi za uaskofu, kwa Neno wala si kwa nguvu. Anayekitumia kifungu cha 8 kumlinda mwenye joho amekisoma kwa macho ya mwenye joho.

Tuseme pia lililo karibu nasi. Binti akipata mimba nje ya ndoa hutengwa, kisha husimama mbele ya usharika ili arudi kundini. Mhusika akiwa mwinjilisti au mchungaji, mara nyingi hupewa barua ya uhamisho. Usharika unaompokea huchinja mbuzi na kupiga vigelegele, bila kujua. Nidhamu yenye mizani mbili namna hii hatuwezi kuiita nidhamu ya Kanisa.

Yako mapokeo mengine. Februari 2010 Margot Käßmann, askofu wa Hannover na mwenyekiti wa baraza la Kanisa la Kiinjili Ujerumani, alikamatwa akiendesha gari akiwa amelewa. Baraza lilitangaza kwamba bado lina imani naye. Hata hivyo siku nne baada ya tukio alijiuzulu nyadhifa zote mbili, akabaki mchungaji. Kosa lake halilingani na la Yoder, wala hatuyaweki pamoja kwa kupima. Tunachokiona ni kwamba msamaha wa dhambi na kushika ofisi ni mambo mawili, na mtu aweza kupokea la kwanza kwa ukamilifu huku akiliacha la pili.

Wamennonite wa Indiana walimsimamishia Yoder hati zake za uchungaji mwaka 1992, baada ya wanawake wanane kuungana. Mwaka 1996 shauri lilifungwa, akahimizwa aendelee kuandika na kufundisha. Waliodhurika walibaki na maumivu yao hadi Machi 2015, seminari ilipofanya ibada ya maombolezo na kuungama kushindwa kwake. Alikuwa amekwisha kufa miaka kumi na saba.

Hatupendekezi vitabu vyake viondolewe maktabani. Vifundishwe pamoja na habari hii, na somo la nidhamu ya Kanisa lisimfikie mwanafunzi wa uchungaji pasipo hiyo. Na kwa dayosisi zetu tunaomba jambo moja: shauri likihusu mtumishi, asikilize mlalamikaji mtu asiye chini ya mtumishi huyo wala rafiki yake, na barua ya uhamisho itaje sababu yake.