Karamu ya Watu Mashuhuri

Wasomaji wetu, hapana shaka, wamekwisha kuulizana barazani swali hili: kama ungejaliwa kumwalika chakulani mtu mmoja mashuhuri katika wote waliopata kuishi duniani, ungemwita nani? Ni swali la kupitishia jioni, na majibu yake huja upesi. Huyu amtaka Mfalme Sulemani, apate kumwuliza habari za hekima. Yule amtaka tajiri fulani, na sababu yake haina haja ya kuelezwa. Walakini wako watungaji walioushika mchezo huu kwa bidii hata wakauandikia, na mwezi huu twapenda kuwatazama wawili wao: William Hazlitt, Mwingereza, na Hendrik Willem van Loon, Mholanzi aliyehamia Marekani. Ufundi wao wa maneno umekwisha kusifiwa na wengine. Sisi twataka kujua kama walifahamu mgeni ni kitu gani.

Hazlitt, aliyezaliwa mwaka 1778 na kufa mwaka 1830, aliandika insha juu ya watu ambao mtu angetamani kuwaona kwa macho, nayo ikapigwa chapa London mwaka 1826. Asimulia jioni moja ya miaka ya nyuma, rafiki walipokutana pamoja na Charles Lamb. Huyu Lamb alikuwa karani wa Kampuni ya India ya Mashariki: mchana kutwa ni hesabu, na jioni ni mazungumzo. Sisi tulio walimu na makarani twampenda kwa hayo kabla ya kusoma neno lake lo lote.

Basi rafiki mmoja alidhani kwamba Lamb atawataka kwanza Isaac Newton, yule aliyeeleza jinsi vitu vyote vinavyovutana, na John Locke, aliyeandika juu ya akili ya binadamu. Lamb akakunja uso hata wote wakacheka. Akasema kwamba hayo ni majina makubwa, wala si watu. Yote yaliyo ndani ya Newton na Locke yamo katika vitabu vyao, na nje ya vitabu hakuna la kumtamanisha mtu kuwaona. Wakamtajia Shakespeare na Milton. Hao pia akawaacha. Aliowachagua ni Sir Thomas Browne, tabibu wa mji wa Norwich, na Fulke Greville, rafiki wa mshairi Philip Sidney. Kwa nini hao? Kwa sababu maandiko yao ni mafumbo, na mwenye fumbo ndiye wa kuulizwa. Tena alitaka waje na nguo zao za kulalia na sapatu miguuni, kama jirani aliyepita usiku kusema neno moja.

Kanuni hii ya Lamb ni njema, nasi twaikubali. Mtu aliyekwisha kusema yote, msomeni. Mtu aliyebakiza neno, mwiteni. Hebu tuijaribu kwa mgeni mwingine ambaye jina lake lilitajwa usiku ule ule, naye ni John Bunyan. Huyu wengi wetu twamjua kwa kitabu chake kilichofasiriwa kwa Kiswahili, Safari ya Msafiri. Je, tumwite ili atusimulie habari za Mkristo na mzigo wake? La, hayo amekwisha kuyaeleza, wala hawezi kuyaeleza vizuri zaidi akiwa ana tonge kinywani. Lakini Bunyan alikaa gerezani Bedford tangu mwaka 1660 mpaka 1672 kwa kuhubiri pasipo ruhusa, akiacha nyumbani mke na watoto, na mmoja wao binti kipofu. Kule gerezani alikuwa akitengeneza kamba za kufungia nguo ili wapate chakula. Angaliahidi kutohubiri tena, pengine angalifunguliwa. Hapo ndipo tungetaka kumwuliza, si kwa kumlaumu: siku binti yule alipoletewa habari kwamba baba yake amekataa tena kutoa ahadi, alisema nini? Swali kama hilo haliandikwi katika barua. Huulizwa mtu akiisha kunawa mikono, na sauti ikashuka.

Sasa tumtazame van Loon. Alizaliwa Rotterdam mwaka 1882, akafa mwaka 1944. Kitabu chake cha historia ya wanadamu, kilichotoka mwaka 1921, kilimpatia sifa kubwa. Mwaka 1942 akatoa kitabu kinene cha karamu. Ndani yake yeye na rafiki yake wawaalika watu wa zamani waje kula nyumbani katika mji mdogo wa Veere, jimbo la Zeeland, Uholanzi. Mgeni wa kwanza ni Erasmus, mwana wa Rotterdam kama yeye. Baadaye waja wengine wengi: Confucius wa China na Plato wa Uyunani, Malkia Elizabeth na Malkia Theodora, Voltaire, na Thomas Jefferson aliyekuwa Rais wa Marekani. Kabla ya mgeni kuja, mwenyeji asimulia maisha yake, kisha afikiri chakula kitakachomfaa. Picha alizichora kwa mkono wake mwenyewe.

Kitabu hiki chafurahisha, na mwalimu wa historia aweza kuchuma mengi humo. Lakini kina kasoro ambayo hatuwezi kuificha. Mwenyeji asema mno. Amekwisha kumpima mgeni wake kabla hajabisha hodi, na mgeni akifungua kinywa, twasikia sauti ya van Loon ikirudi kutoka upande wa pili wa meza. Kwetu mtu wa namna hiyo twamjua: akualika kwake, akakuuliza habari za safari, kisha akajijibu mwenyewe. Lamb na rafiki zake hawakuwatia wafu maneno vinywani. Walitamani tu, wakaona kwamba mlango haukufunguka, wakaendelea kuzungumza. Katika hilo walikuwa wakweli zaidi, na wageni wao ambao hawakuja ni hai kuliko hawa waliokuja na kushiba.

Hata hivyo tusimhukumu van Loon pasipo kuutazama mwaka ule. Majeshi ya Wajerumani yaliingia Uholanzi mwezi wa Mei 1940, na tarehe 14 ya mwezi huo Rotterdam iliteketezwa kwa mabomu. Kitabu kilipotoka, Veere ilikuwa mikononi mwa adui, na mwandishi alikuwa ng'ambo ya bahari. Meza aliyoiandika ilikuwa katika mji asioweza kuufikia. Tena mgeni aliyemtanguliza, Erasmus, ndiye aliyeandika mwaka 1517 kitabu ambamo Amani mwenyewe anena na kulalamika kwamba watu wamfukuza kila mahali. Mtu aliye mbali na kwao, na kwao kumechomwa, akimwita mtu kama huyo awe wa kwanza kuketi, huo si mchezo tena. Kwa ajili ya sura hiyo moja twamsamehe maneno yake mengi.

Lakini hatumsamehe wageni wengine wawili. Alimwalika Torquemada, mkuu wa baraza lile la Hispania lililowatesa watu kwa ajili ya imani, pamoja na Robespierre, ambaye katika mapinduzi ya Ufaransa aliwapeleka wengi kukatwa vichwa hata mwaka 1794 akakatwa yeye. Msomaji wa Ulaya huenda akaona ni jambo la kuchekesha. Kwetu mtu akila chumvi yako amekwisha kupata haki juu yako, nawe juu yake. Humpi mtu chakula ili umtazame kama chui aliyefungwa. Ukitaka kumwuliza muuaji kwa nini aliua, mpeleke barazani mbele ya wazee; sufuria iache jikoni.

Na hapa Lamb atushangaza. Mwisho wa mazungumzo yao walifika kwenye watu waovu, naye alikiri kwamba katika hao wako wawili awatamanio: Guy Fawkes, aliyetaka kulilipua Bunge la Uingereza kwa baruti mwaka 1605, na Yuda Iskariote. Habari ya Yuda hakuisema kwa mzaha. Alitaka kuuona uso wa mtu aliyeweza kutia mkono katika kombe moja na Mwana wa Adamu, kisha akamsaliti. Akasema kwamba hakupata kuona picha yo yote iliyomwonyesha uso ule, hata ile nzuri ya Leonardo.

Twadhani kwamba neno hili wasomaji wetu watalielewa kuliko watu wa London waliolisikia kwanza. Kule kila mtu ana sahani yake, kisu chake na uma wake. Aweza kula mwaka mzima na jirani asiguse mkono wake. Hapa ugali ni mmoja na bakuli la mchuzi ni moja. Mtoto hufundishwa mapema asivuke upande wa mwenziwe, asimtangulie mkubwa, asichague mnofu. Ndugu wakigombana, twajua kwa mkono: mmoja haji chakulani, au aja akala kidogo akaondoka. Na siku wapatanapo, kabla ya maneno, mkono warudi bakulini. Basi mtu anayechovya pamoja nawe, na vipande vya fedha amekwisha kuvipokea, ametenda jambo ambalo sisi hatuna haja ya kufafanuliwa.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo twamwona Lamb amekosea. Anadhani angeuona uso wa Yuda angefahamu. Wale kumi na mmoja waliuona usiku ule, karibu kabisa, kwa mwanga wa taa. Walikuwa wamekula naye siku nyingi. Walipoambiwa kwamba mmoja wao ni msaliti, hawakugeuka kumtazama Yuda. Kila mmoja aliuliza kama ni yeye. Uso haukuwaambia neno. Kama Leonardo alishindwa, hakushindwa kwa upungufu wa ufundi. Hakikuwapo cha kuchora. Kanuni ya Lamb, ambayo ilitufaa sana kwa Bunyan, hapa yakatika: yako mambo ambayo hata kuketi na mtu, na kula naye, hakuyafunui.

Jambo jingine wote wawili wameliacha. Katika Injili ya Luka mwenye kufanya karamu ashauriwa asiwaite rafiki na majirani matajiri, wasije wakamwalika naye akalipwa. Na awaite maskini, vilema na vipofu, ambao hawana cha kulipa. Mtu mashuhuri hulipa sikuzote. Hata akija na mikono mitupu, kesho utasema, fulani alikula kwangu. Tungependa kusoma insha ambayo mtungaji wake, akiambiwa kumchagua mgeni katika wote waliopata kuishi, angemwita yule binti kipofu wa Bedford, na baba yake akabaki nje akingoja.

Hazlitt amaliza kwa njia ambayo twaisifu. Baada ya Yuda, mmoja wao asema kwamba yuko mtu mwingine mmoja tu awezaye kufikiriwa, wala hamtaji jina. Shakespeare akiingia chumbani, asema, sote tutasimama kumlaki. Lakini akiingia huyo, tutaanguka chini na kutafuta kulibusu pindo la vazi lake. Hakuna aliyependekeza aulizwe swali, wala aandaliwe kiti. Bibi mmoja akaona mazungumzo yamefika pasipomwelea vema, wakainuka kwenda zao, na kumbe kulikuwa kunakucha.